Namba Chini ya Magunia

Walisema sitawahi kumiliki hata wilibaro. Neno hilo lilisemwa uani kwetu, mchana kweupe, siku niliyokuwa naaga kwenda Uarabuni, na aliyelisema alikuwa amekalia kiti chetu na kushika kikombe chetu cha chai. Ni jirani wa ng'ambo ya bonde, mwenye malori matatu ya bluu ya kununua majani chai kwa wakulima na kuyapeleka viwandani. Huko kwetu watu humwita Tajiri, nami nitamwita hivyo hivyo.

"Huyu?" alisema, akinielekezea kidevu. "Atarudi na kandambili za Mwarabu. Diploma ya makanika! Nani amewahi kula diploma?"

Watu wakacheka. Mjomba wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mama hakucheka, alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Nayakumbuka meno ya kila mtu siku ile. Nayaandika haya kwa sababu wengi wao wako hai, wanajua kusoma, na ningependa wasome.

Walioniamini walikuwa watatu, na kila mmoja alinikopesha kitu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kipkelion, aliyenifundisha hesabu darasa la saba, alinikopesha nauli ya ndege. Karani wa ofisi katika shamba kubwa la chai kule Kericho, mtu aliyetoka pande za ziwa na ambaye hatuna damu moja wala lugha moja, alinikopesha sanduku lake la safari, jeusi, lenye kufuli ya shaba, kwa sababu aliniona nafunga nguo zangu ndani ya gunia. "Usiende kwa watu na gunia, ndugu yangu," aliniambia. "Watakupa kazi ya gunia."

Wa tatu alikuwa shangazi yangu, dada ya marehemu baba, aliyeolewa upande wa Ndanai. Yeye alikuwa amenikopesha zamani kuliko wote: ng'ombe. Kwetu ng'ombe anaweza kuishi boma la mtu mwingine miaka mingi. Unamlisha, unakunywa maziwa yake, unayauza ukitaka, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki mali ya mwenyewe. Siku akimtaka, unamrudisha na heshima yako. Akifa kwa ugonjwa, unampelekea mwenyewe ngozi, aione, na mambo yanaishia hapo. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyonilipia karo ya diploma, lita kwa lita, miaka miwili mizima. Wakati watu wanauliza nani amewahi kula diploma, mimi nilikuwa najua ninavyoinywa.

Nilikaa Uarabuni miaka sita katika gereji ya malori. Sikufagia uwanja wa mtu. Mwaka wa pili nilikuwa nafungua injini peke yangu, mwaka wa nne nilikuwa na watu wanne chini yangu, na wawili kati yao walikuwa na vyeti vikubwa kuliko changu. Kitu kimoja kilichonishangaza kule ni namba za magari. Lori halikutoka getini kabla mtu hajapangusa namba kwa kitambaa, mbele na nyuma. Vumbi tu likifunika tarakimu moja, ni faini. Mimi mtoto wa barabara za matope niliona ni kujisumbua.

Nilirudi na pikapu. Niliinunua Mombasa ikiwa imetumika, injini nikaibomoa na kuipanga upya mwenyewe chini ya mti wa mkaratusi nyumbani, na ilipowaka mara ya kwanza sauti yake ilivuka bonde mpaka kwa Tajiri. Nikaingia biashara ile ile yake: kununua majani mabichi na kuyapeleka kiwandani. Alinikuta sokoni kwetu wiki hiyo hiyo.

"Hii ni pikapu ama ni kiatu?" aliuliza, akizunguka gari langu. "Nikaribishe, nivae."

Nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka kuwalipa watu wangu watatu siku moja, kwa gari langu, mzunguko mmoja, Kericho, Kipkelion mpaka Ndanai, waliocheka wakiniona napita. Nauli ya mwalimu nilikuwa nimeitenga. Sanduku nilikuwa nimelipaka dawa ya viatu likang'aa. Ng'ombe wa shangazi alikuwa na mimba ya miezi saba, na ndama wake wa nyuma tulikuwa tumeshampelekea. Mama alisema tungoje barabara ikauke kidogo tumsafirishe bila kumtikisa. Tukangoja.

Asubuhi ya tatu ya kungoja, mama alikuwa anamvusha ng'ombe huyo barabara kwenda mtoni. Lori la bluu likashuka mlima likiwa tupu, linakimbia. Lilimgonga ng'ombe ubavuni, likamburuta hatua kadhaa, likaendelea. Halikupunguza hata gia. Nilipofika nilikuta mama amekaa matopeni, kichwa cha ng'ombe kiko mapajani mwake, na tumbo bado linacheza.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wageni hawalijui. Majani mabichi hubebwa kwa magunia ya nyavu, na ukishayamwaga kiwandani magunia yanabaki na maji. Ukiyarundika yanavunda, kesho yanayapa majani harufu na kiwanda kinakurudisha na mzigo wako. Kwa hiyo madereva wote wa kwetu huyatundika nyuma ya gari, juu ya mlango wa bodi, upepo uyakaushe njiani. Yakitundikwa hapo yanafunika namba. Wengi hufanya bila kufikiri. Tajiri alifanya akifikiri. Mizani yake ilikuwa inakula kilo za akina mama, na mama aliyepunjwa alfajiri hakuweza kusema ni lori gani, maana yalikuwa matatu, yote bluu, na kila moja lilikuwa na sketi ya magunia. Namba za mbele alikuwa ameziacha zivae matope mazito kama ugali, masika mpaka masika.

Lakini siku ile upepo uliinua pembe moja ya sketi, na mama akaona herufi ya mwisho. Mama hajui kusoma. Alianza kuchuma chai akiwa na miaka kumi. Tulipofika kituo cha polisi, afande wa kaunta alimsogezea karatasi.

"Mama, andika namba."

"Sijui kuandika, mwanangu. Lakini mwisho wake ni kigoda."

"Kigoda?"

"Kigoda cha kukalia. Miguu miwili pembeni, na ule mfupi wa katikati."

Afande alimtazama mwenzake. "Na juu yake kulikuwa na mzee amekaa?"

Wakacheka wote wawili. Niliwaomba waende bomani kwa Tajiri wakaangalie malori yake. Wakasema gari la kituo halina mafuta. "Bila namba hakuna gari," afande akaniambia, akirudisha karatasi yake kwenye droo. "Bila gari hakuna kesi. Pole, mama."

Nilimfuata Tajiri mwenyewe. Alikuwa nje ya hoteli sokoni, na wazee watano wamemzunguka.

"Malori ya bluu ni mengi barabara hii," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Mimi si mtu wa maneno mengi. Niletee namba, weri, nikulipe siku hiyo hiyo." Weri ni mtoto wa kiume. Mtu humwita hivyo kijana wake, au mtu mzima anayemdharau.

Tulichuna ngozi, tukaipeleka Ndanai. Shangazi aliitandaza nyasini, akapitisha kiganja pale tairi lilipoacha mistari yake. Kisha akasema, "Ngozi ya ugonjwa haina maswali. Hii ina mwuaji. Mimi sikudai wewe, mtoto wa kaka yangu. Namdai yeye. Lakini mpaka umlete hapa, deni linalala kwako." Akaining'iniza ukutani nje ya jiko, mistari ya tairi ikitazama njia.

Kwa hiyo mzunguko wangu ukafa. Ningeweza kununua ng'ombe mwingine, pesa hazikunishinda. Shangazi asingempokea. Na nauli ya mwalimu ikakaa, na sanduku likakaa, kwa sababu nilikuwa nimeapa ni siku moja kwa wote.

Mwezi uliofuata nikafanya kosa ambalo mpaka leo linanichoma. Nilikuwa narudi kutoka kiwandani, kichwa kimejaa hasira, na askari wa trafiki wakanisimamisha.

"Namba yako ya nyuma iko wapi?"

Niliteremka kumwonyesha. Nikakuta magunia. Nilikuwa nimeyatundika mwenyewe, kwa mikono yangu hii yenye diploma, kama mtu yeyote wa kwetu. Nilipelekwa kortini, nikakubali kosa. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Nilijaribu kumweleza habari ya magunia kuvunda.

"Yakauke kwenu," alinikatiza. "Hiyo namba unadhani ni pambo lako? Ni ya yule unayekutana naye barabarani. Ukimgonga, ndicho kitu pekee anachobaki nacho."

Nililipa faini. Nje, kwenye ngazi za korti, nilikuta habari imenitangulia. Kesho yake sokoni Tajiri alisimama juu ya kreti ya soda ili aonekane vizuri. "Jamani! Fundi wa Uarabuni hajui namba inakaa wapi! Mfundisheni!"

Wakacheka tena, meno yale yale. Mimi nilikuwa nasikia maneno ya hakimu. Ndicho kitu pekee anachobaki nacho. Nilienda nyumbani nikawasha mashine ya kuchomelea.

Kwanza nilijenga fremu ya mabomba juu ya kichwa cha pikapu, magunia yakakauka huko juu kama bendera. Kisha nikanunua namba mpya, nikazifunga mahali wazi, na kila alfajiri nikazipangusa kwa kitambaa kama nilivyofanya kule. Halafu nikaanza kazi ya kweli. Nilizunguka vibanda vya kuuzia majani vya kwetu, kimoja baada ya kingine, nikawaambia akina mama: gari likija, kabla hujaweka kikapu kwenye mizani, zunguka nyuma usome namba. Usiyejua kusoma, ichore kwa mkaa ukutani. Hakuna namba, hakuna majani. Mama yangu ndiye aliyelisema vizuri kuliko mimi. "Mimi nilichora kichwani," aliwaambia. "Nyinyi mna ukuta."

Baada ya wiki tatu kuta za udongo za vibanda vyetu zilijaa namba zilizochorwa kwa mkaa. Lori la Tajiri lilipofika, wanawake walikunja mikono. Dereva akishuka kuwatukana, walimwambia, "Vua sketi tukuone." Tajiri angeweza kuyaondoa magunia akamaliza neno. Hakuyaondoa. Hapo nikajua, bila shaka yoyote, kigoda kiko nyuma ya lori lake.

Alianza kwenda mbali kutafuta majani, kwenye vijiji vya bondeni ambako habari hazijafika, kwa njia ambazo hata punda huzifikiria mara mbili. Kila jioni nilisikia malori yake yakipanda mlima kwa gia ya kwanza, nusu tupu, nami nilikuwa nalala vizuri.

Masika yakafika. Alasiri moja mvua ilipokatika, mtu alikuja mbio kuniambia lori la bluu limezama matopeni chini ya kibanda chetu, limejaa mpaka juu. Majani mabichi hayangoji. Yakikaa yamebanwa yanapata moto, yanageuka mekundu, na kiwanda hakiyataki. Haya yalikuwa yameshalipiwa huko yalikotoka, kwa hiyo hakuna mkulima angeumia. Yalikuwa ya Tajiri, gunia kwa gunia. Na kwenye mlima ule gari moja tu lilikuwa na kapi la kuvutia magari, nililolitengeneza mwenyewe.

Niliteremka polepole. Tajiri alikuwepo, koti la suti juu, gambuti chini. Akina mama walikuwa wameanza kukusanyika na vikapu mgongoni.

"Kijana wangu," alisema. Mara ya kwanza maishani. "Funga kamba nyuma, tuvute. Majani yanapata moto."

"Nyuma nitafunga wapi? Naona magunia."

"Dereva, toa hayo magunia."

Dereva akayaondoa. Chini yake matope yalikuwa yameganda.

"Silivuti gari nisilolijua," nikasema. "Pangusa namba."

Dereva akainama. "Si wewe," nikamwambia. "Mwenyewe."

Tajiri alinitazama, akatazama mlima, akawatazama wanawake. Mmoja wao akasema kwa sauti nyororo, "Baba, majani yanapata moto." Nilimpa dumu la maji na kitambaa changu cha alfajiri. Alipiga magoti kwenye matope yale na koti lake la suti, akaanza kusugua. Herufi zilitoka moja moja. Alipofika ya mwisho alipunguza mkono, kama mtu anayetumaini maji yataisha.

Mama alitua kikapu chake. Alipita katikati ya watu, akainama, akaweka kidole juu ya herufi ya mwisho, akafuata mguu wa kwanza, mguu wa pili, na ule mfupi wa katikati.

"Kigoda," alisema.

"Herufi M ziko nchi nzima!" Tajiri akapaza sauti.

Ndipo dereva wake, ambaye alikuwa ameegemea tairi muda wote, akasema, "Mzee, waambie tu. Mimi nilitaka kusimama. Wewe, ukiwa kando yangu, ulisema niende, hawajaona namba."

Nilikuwa nimeshika simu tangu mwanzo, inarekodi. "Ulisema nikuletee namba unilipe siku hiyo hiyo," nikamwambia Tajiri. "Hii hapa. Leo ni leo, weri."

Mnataka kujua kama nilivuta. Nilivuta. Sikuvuta haraka. Nilikagua kapi, nikapaka grisi mahali ambapo hapakuhitaji grisi, nikafunga kamba, nikaifungua, nikaifunga tena. Lori lilipopanda barabarani, moshi mwepesi ulikuwa unatoka juu ya mzigo na harufu ilikuwa kama ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Kiwanda kilimrudisha getini.

Safari hii kituoni nilikuwa na namba, rekodi na shahidi. Gari la polisi likapata mafuta. Hakimu alikuwa yule yule wa miwani ya kamba. Kuficha namba, na kugonga mnyama bila kusimama: sheria inayajua yote mawili, na Tajiri akayajua. Nilikaa benchi la mbele niuone uso wake vizuri.

Jumapili baada ya hukumu alikuja kwetu na wazee watatu. Alikuwa na bahasha. Mimi huenda kanisani, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeimba habari za msamaha. Nilimwacha asimame. Hakupewa kiti wala kikombe.

"Bahasha rudi nayo," nilisema. "Uliua ng'ombe mwenye mimba. Utalipa ng'ombe mwenye mimba, kutoka boma lako, nitakayemchagua mimi. Na utampeleka wewe, ukiendesha wewe, kwa lori lile lile, namba imeoshwa, siku ya soko."

"Huo ni ukatili," mzee mmoja akaninong'oneza.

"Ndiyo," nikamwambia.

Nilimchagua yule mwekundu aliyemnunua soko la Mulot, ambaye alikuwa akiwaonyesha wageni kabla hajawaonyesha watoto wake.

Siku yangu ikafika. Nilitoka alfajiri, namba zimepanguswa. Kericho nilimkuta karani mlangoni kwake. Nikampa sanduku, linang'aa, na ndani suti mpya ya kipimo chake. "Nilidhani Waarabu wamelila," alisema, akifungua na kufunga ile kufuli ya shaba kama mtoto. Kipkelion mwalimu alipokea nauli yake bila kuihesabu, akaniambia, "Najua nilikufundisha hesabu." Saa nane nilikuwa mlangoni mwa soko la Ndanai, nikingoja. Lori la bluu likaja taratibu, Tajiri kwenye usukani, ng'ombe mwekundu nyuma. Nikatangulia mimi. Tulipita katikati ya soko kwa mwendo wa maziko. Mjomba wangu alikuwa pale anauza mbuzi. Nilipiga honi, akainua mkono, akaushusha.

Shangazi alikuwa amesimama chini ya ile ngozi. Alimngoja Tajiri ashuke, ashushe ng'ombe mwenyewe, amlete kwa kamba.

"Nani alimwua wangu?" aliuliza.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ya chini.

"Masikio yangu yamezeeka."

"Ni mimi, mama."

Shangazi alimshika ng'ombe tumboni kwa viganja viwili, akafumba macho, akangoja mpaka ndama akapiga teke. Akanigeukia. "Umenilipa," alisema, "na tumbo lake." Kisha akaishusha ile ngozi ukutani, akaikunja upande wenye mistari ya tairi ukiwa nje, akampa Tajiri.

"Hii ni yako. Umeinunua."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye kiti cha abiria, akawasha lori. Nilisimama getini nikiisoma namba yake kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka kigoda kikapotea kwenye kona.